Karata Zilizomuuliza Hakimu

Shangazi yangu alizitoa karata zile mfukoni mwa koti kwa koleo, lile la kushikia vitambaa vyenye dawa kali, akazinyanyua mbali na uso wake, akaniita.

"Njoo uone! Njoo uone watu wanatembea na nini mifukoni!"

Nikaacha kaunta nikaenda. Zilikuwa karata kubwa, si hizi za kuchezea, na kila moja ina picha yake. Mtu kaning'inia kwa mguu mmoja. Mwezi una uso wa mtu. Mnara unawaka moto na watu wanaruka madirishani. Karata za taroti hizo, zile wanazosema watu zinatabiri mambo. Mimi nikafurahi hasa, maana siku ilikuwa imepoa kama chai ya jana.

"Zichome," nikamwambia, namchokoza tu.

"Nizichome? Mali ya mteja?" Alinikata jicho. "Wewe mtoto una akili kweli?"

Basi hapo alikuwa amejinasa mwenyewe. Sheria ya duka letu la dobi inasema kitu chochote kinachokutwa mfukoni kinawekwa kwenye kopo la biskuti chini ya kaunta mpaka mwenyewe aje, na aliyeitunga sheria hiyo ni yeye. Tumeshaweka humo meno ya bandia. Tumeshaweka pete ya ndoa ya bwana mmoja ambaye wiki nzima alikuwa ananiambia hajaoa. Karata nazo zikaingia koponi, na Shangazi akalifunika kopo kwa taulo ili, alivyosema, zisitutazame.

Niwaeleze kwanza Shangazi ni mtu gani, la sivyo mtasema natia chumvi. Pale dukani, na mtaani kote, jina lake ni Hakimu. Kazi yake ni kukagua. Nguo ikiingia anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anainusa, anaipapasa kwa vidole, anajua hili doa la mafuta, hili la damu, hili la wino, kisha anaibana kikaratasi chenye namba kwa pini na kuipeleka kunakohusika. Ikitoka anaikagua tena. Kwa nguo hana mpinzani. Taabu ni kwamba akitoka kazini haachi kukagua, anawageukia watu.

Kwenye arusi ya binamu yangu, msemaji alisema bibi arusi ana miaka ishirini na mitano. Shangazi akasimama kutoka kiti cha nyuma kabisa: "Ishirini na tisa! Nilikuwepo hospitali alipozaliwa!" Binamu yangu mpaka leo akimwona anavuka barabara. Na yeye mwenyewe aliwahi kuwa na mchumba, bwana mzuri, mpole, ana nguo zake safi. Siku moja sokoni bwana yule akachuma zabibu moja kwenye fungu akaitia mdomoni kabla ya kulipa. Shangazi akamrudisha kwa muuzaji akiri. Bwana akakiri, akalipa, akaaga vizuri, na hakuonekana tena. Shangazi husema alimwokoa yule mtu na wizi. Mimi nasema alimwokoa kweli, tena na ndoa.

Wiki ile ya karata tulikuwa na balaa jingine, na hilo halikuwa la kuchekesha. Shangazi alikuwa anakagua nguo zinazotoka, akafika kwenye suti nyeupe ya mshereheshaji mmoja, mtu wa kuongoza hafla. Kwenye kola ya koti kulikuwa na alama ya kahawia, ukubwa wa ukucha.

"Fundi!" Alipaza sauti mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akasimama. "Fundi, umeunguza nguo ya watu!"

Fundi Pasi alitoka nyuma ya mashine yake ya mvuke anajifuta jasho. Huyu ni mzee wetu wa pasi, yupo pale tangu kabla hata Shangazi hajaajiriwa. Haongei sana. Kazi yake ni kuimba puani kutwa nzima na kunyoosha mashati. Aliitazama kola, akaitazama tena.

"Sijaunguza, Hakimu."

"Kwa hiyo mimi ndiye muongo?"

"Sijasema hivyo. Nimesema sijaunguza."

"Mikono yako imeanza kutetemeka, mzee! Kila mtu anaona, mimi ndiye ninayesema!"

Mlangoni watu walikuwa wameshajaa: fundi viatu, wasichana wawili wa duka la dawa, na mpita njia mmoja aliyekuja na ndizi yake nusu. Fundi Pasi akaitia mikono mifukoni. Iliniuma sana kumwona vile. Mikono ile haitetemeki. Nimemwona anapiga pasi mikunjo ya sketi nyembamba kama vipande vya karatasi, asikosee hata mmoja.

Bosi akaja. Bosi wetu ni mtu wa kupenda amani, yaani ni mwoga. Akasema tutakaa Jumamosi mchana tukishafunga, aliyeharibu suti ataondoka, na Hakimu atatoa kauli yake. "Akisema ni pasi, basi ni pasi. Duka hili linaishi kwa nguo nyeupe."

Alipoondoka, Fundi Pasi aliniambia polepole, kama anayeongea na mashine, "Nikitoka hapa na jina la kuunguza, nani atanipa pasi tena?" Kuanzia saa ile hakuimba tena, na duka likawa na kelele za mvuke peke yake.

Kesho yake akaja mwenye karata. Nilitegemea mama wa mashanga na kitambaa chekundu kichwani. Kumbe ni mwalimu wa hesabu, kabeba rundo la madaftari ya wanafunzi na chaki kwenye mkono wa blauzi.

"Koti lako bado," nikamwambia. "Doa la wino halijatoka. Lakini mfukoni tulikuta..."

Shangazi alishafika. "Unatabiria watu?"

"Mimi?" Mwalimu akacheka. "Ningekuwa najua ya kesho, ningeleta koti hapa siku tatu kabla ya mvua?"

"Sasa za nini?"

"Za kujiuliza. Kila jioni nachomoa moja, naitazama picha, najiuliza: humu mimi ni yupi? Basi. Nisipojiuliza mimi, atakuja kuniuliza mtu mwingine, na yeye hataniuliza kwa adabu."

"Upuuzi mtupu."

"Chomoa moja, kama ni upuuzi haitakudhuru."

Pale akawa kamgusa penyewe. Shangazi hawezi kuambiwa kitu hakidhuru akaacha kukithibitisha. Akafuta mikono kwenye aproni, akachomoa karata moja kwa ncha za vidole, akaigeuza juu ya kaunta. Mwanamke ameketi kwenye kiti cha enzi, mkono mmoja upanga, mkono mwingine mizani.

"Hii inaitwa Haki," mwalimu akasema.

Loh! Mngemwona Shangazi alivyojaa. "Mnaona? Hata karata inanijua!"

"Ila imetoka kichwa chini, miguu juu."

"Hiyo ni kwa sababu wewe umesimama upande mbaya."

Nilijiuma mdomo nisicheke. Mwalimu hakubishana. Aliyapanga madaftari yake kwapani, akasema, "Mimi ikinitokea hivyo, swali langu huwa moja tu. Ningekuwa nimekosea, ningejuaje?"

"Mimi ningejua," Shangazi akajibu.

"Kwa njia gani?"

"Ningejua tu!"

"Wanafunzi wangu nao hunijibu hivyo hivyo," mwalimu akasema, "halafu nawapa sifuri." Akaniomba nimwekee karata zake koponi mpaka Jumamosi koti litakapokuwa tayari, akaenda zake. Shangazi alibaki mdomo wazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na nikalifaidi.

Saa ya chakula siku ile nikamtafuta nimgawie chai, simwoni. Taulo lipo, kopo halipo. Nikaenda kwenye chumba cha nyuma tunakotundika nguo zilizokwisha, zimevishwa mifuko ya nailoni, nikajipenyeza katikati ya magauni nikachungulia. Hakimu mzima, aliyezishika karata kwa koleo, amekaa juu ya kapu la nguo amezitandaza mapajani! Anachomoa, anaitazama, anasonya, anairudisha. Anachomoa nyingine. Moja ilikuwa ya mtu anayetembea ukingoni mwa genge anatazama mawingu, na maandishi chini yake yanasema Mjinga. Hiyo aliirudisha upesi sana.

Kisha akachomoa ya mpanda farasi. Farasi anatimua mbio, mtu kanyanyua upanga, mdomo wazi anapiga kelele.

"Na huyu je?" Shangazi akamnong'oneza farasi. "Anamkimbilia nani? Mbona mbele hakuna mtu?"

Sikuweza kujizuia. "Labda kuna mtu karuka foleni."

Aliruka mpaka kapu likapinduka. Nikajiandaa kutolewa uvivu, lakini hakunifokea. Alikuwa ananitazama bila kuniona.

"Suti ile nyeupe," akasema. "Nani aliipokea?"

"Wewe."

"Yule mshereheshaji aliruka foleni."

Na mimi ndipo nikakumbuka. Jamaa aliingia kwa haraka, akampita mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akaitupa suti kaunta. Shangazi alimshukia! Alimpa za uso kuhusu foleni, kuhusu akina mama, kuhusu wanaume wanaovaa suti nyeupe na roho zao hazijafuliwa. Watu wote dukani walimpigia makofi, na mimi nikiwemo.

"Niliiinua kwenye mwanga?" akaniuliza.

"Hapana, Shangazi. Uliibana pini huku unamfokea."

"Niliinusa?"

"Hata."

Akazikusanya karata polepole. Mnajua alichokuwa anafikiri? Kuna doa moja ambalo kila anayeanza kazi pale hufundishwa na Shangazi siku ya kwanza, tena kwa kutishwa: doa la sukari. Soda nyeupe ikimwagika kwenye nguo nyeupe inakauka na huoni kitu. Vidole vitahisi ugumu kidogo, pua itasikia utamu. Usipoikamata mapema, siku pasi ya moto itakapoigusa, sukari inaiva na kuwa kahawia, na mtu ataapa nguo imeungua. Tofauti yake ni rahisi tu. Palipoungua pameungua, huwezi kupasafisha. Sukari inatoka kwa maji ya moto.

"Basi twende tukaitie maji sasa hivi," nikasema. "Suti iko kabatini."

"Usiniamuru."

"Shangazi, ni tone la maji!"

"Nimesema usiniamuru!"

Na hakwenda. Siku hiyo hakwenda, na kesho yake hakwenda. Mimi nilikasirika, tena sana. Kila akipita karibu na kabati lile anazunguka kama kuna mbwa ndani. Mwanamke aliyesimama peke yake kwenye arusi ya watu mia tatu akamsahihisha msemaji, leo anaogopa birika! Ningeweza kuitia maji mwenyewe, ndiyo, lakini Bosi alikuwa anasubiri kauli ya Hakimu, si yangu. Mimi ningeambiwa nimelifuta doa kwa dawa ili nimfiche mzee.

Nikaamua kumtengenezea njia. Nilijua saa ya chakula atalifuata tena kopo. Nikazipekua zile karata, nikatafuta picha inayonifaa, nikaiweka juu kabisa: mwanamke ameketi, kafungwa kitambaa machoni, kashika panga mbili kazikutanisha kifuani. Nikarudi kujificha kwenye magauni yangu.

Shangazi akaichukua. Hakuitazama hata, aliinusa.

"Mafuta ya nywele," akasema. "Ya nazi. Toka huko, wewe kiumbe."

Nikatoka. Nilidhani atanipiga nayo kichwani, lakini aliigeuza akaitazama muda mrefu.

"Nani kampa panga mtu asiyeona?" akauliza.

"Hakuna mtu mwingine hapo, Shangazi. Naona kajifunga mwenyewe."

Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Na kama nimekosea hili, yale mengine je? Baba yako nilivyomsema mbele ya wakwe zake. Binamu yako. Yule bwana wa zabibu. Nani atanihakikishia kwamba hayo nilikuwa sawa?"

Nilitaka kumtania, nikaacha. Nilimwonea huruma. "Mengi ulikuwa sawa," nikamwambia. "Ila ulikuwa unapiga kelele, Shangazi. Mtu anayepiga kelele hasikii akijibiwa."

Aliirudisha karata koponi, akanituma kaunta, akaniambia mafuta ya nazi yanaharibu hariri.

Jumamosi mwalimu alikuja mapema kuchukua koti na karata zake. Akamwuliza Shangazi kama anataka kuchomoa moja ya mwisho. "Leo sitaki picha," Shangazi akasema. "Leo nataka maji ya moto." Mwalimu hakuelewa, ila alitabasamu, akaenda zake.

Tulipofunga mlango Bosi alikaa kwenye stuli, Fundi Pasi akasimama karibu na mashine yake amevaa shati lake zuri, nadhani alilivaa kwa ajili ya kuaga. Shangazi akaitoa suti kabatini, akailaza kwenye meza. Pembeni akaweka birika na kitambaa cheupe.

"Sijalijaribu hili," akasema. "Niliogopa. Doa likibaki, ni la pasi. Likitoka, ni langu, kwa sababu nguo hii niliipokea mimi bila kuikagua, nilikuwa bize kumfundisha mtu adabu."

Akachovya kitambaa, akakibonyeza kwenye kola, akasubiri, akakiinua. Kitambaa kilikuwa na rangi ya chai hafifu. Akachovya tena. Mara ya tatu kola ilikuwa nyeupe kama ilivyozaliwa.

Bosi akashusha pumzi. "Ahaa! Basi yamekwisha. Suti nzima, hakuna hasara, twendeni nyumbani."

"Yamekwisha vipi?" Shangazi akaruka. "Ulisema aliyeharibu ataondoka! Kauli yangu ni kwamba ameharibu mkaguzi. Mkaguzi aondoke!" Akavua aproni, akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka mezani, akachukua mkoba wake. Haki ya Mungu, nilimwona uso unang'aa. Alikuwa ameshapata wa kumhukumu, na hajali kwamba ni yeye.

Bosi anababaika, "Hakimu, tafadhali, hakuna aliyesema..." Mimi nimemshika Shangazi mkono. Anaukung'uta. Ameshafika mlangoni, kaufungua, ndipo Fundi Pasi akasema:

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda ninakostahili."

"Na mimi?"

Shangazi akageuka.

"Umejisema, umejihukumu, umejifukuza," mzee akasema. "Vyote umefanya peke yako. Mimi nimesimama hapa na hujaniambia hata neno moja. Umeniita muunguzaji. Umesema mikono yangu inatetemeka. Ukiondoka hivi utaondoka shujaa, na mimi utakuwa umeniacha pale pale uliponiweka."

Nilimwona Shangazi anatafuta maneno kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba asiyoijua.

"Nilikusingizia," akasema, anaitazama sakafu. "Nisamehe."

"Sijasikia."

"Umesikia, Fundi."

"Siku ile ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Watu walikuja kuniangalia. Tangu siku ile fundi viatu ananiangalia mikono kila asubuhi nikipita." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, hakufoka. "Hili nalo lifike huko huko."

Bosi alikohoa akasema jamani haina haja. Hakuna aliyemjali. Shangazi akasimama kizingitini akakitazama kibanda cha fundi viatu, na duka la dawa, na barabara iliyojaa watu wa Jumamosi. Nilidhani atakwenda zake. Nusura nimwombe Fundi amwachie.

Kisha akapaza sauti.

"Fundi Pasi hakuunguza nguo!" Fundi viatu akainua kichwa. Msichana wa duka la dawa akatokeza dirishani. "Mikono yake haitetemeki! Nilimsingizia mimi! Mimi ndiye niliyekosea, na ninamwomba msamaha!" Sauti ilikatika katikati ya neno la mwisho, akalirudia ili litoke zima.

Aliporudi ndani, Fundi Pasi alikuwa ameketi juu ya kapu la nguo chafu analia, mtu mzima yule, mbele yetu sote, na Shangazi akasimama kando yake asijue aiweke wapi mikono.